Kabla ya kusinya, muulize patro anauzaka nini

Huku kwetu Lubumbashi mambo ya kampuni kubadilisha mwenye mali hatuyajifunzaki ku masomo, tumekomalia ndani. Ilikuwa Union Minière tangu 1906, mwaka 1967 serikali ikaichukua ikawa Gécomin, kisha ikaitwa Gécamines, na baba yangu mkubwa aliyeingia kazi na jina la kwanza akaenda pansioni na jina la tatu, akipita kila asubuhi mlango ule ule na gameli yake ile ile ya chakula. Kwa mtu wa shaba, patro mpya, yaani mwenye mali mpya, ni chapa ingine juu ya kuponi ya mshahara, ni sentineli amepewa kofia mpya, na maneno mengi ku bistro jioni. Shaba yenyewe haina habari. Inayeyuka vile vile.

Gazeti haliko vile. Gazeti linajua nani analilipia, na linajua mapema kuliko wale wanaoliandika. Nilifanya kazi mu gazeti moja la kila juma hapa mjini (jina nitaliacha, wenyewe bado wazima na hatujalipana yote) ambalo liliuzwa mara mbili nikiwa ndani, basi nilitumikia ba patro watatu na mhariri mkuu mmoja, mzee ambaye siye wote tulimwitaka Vye, na hiki ninachotaka kusema leo kimetoka kwake zaidi kuliko kwangu: usihangaike kujua kama patro ni mtu mzuri wala kama amekuahidi uhuru, tafuta kwanza anauzaka nini, na nani anamsinyiaka karatasi, anamtilia sahihi, ili auze. Kidonda kiko pale. Pale njo mhariri atanyamaza, na hakuna mtu atakuwa amemwambia anyamaze.

Mwezi wa tisa 2020 Vye alinitumia audio ya WhatsApp, ndefu, na kikohozi katikati. Harold Evans, mhariri wa magazeti wa Uingereza, alikuwa amefariki ku New York, na miaka 92. Wengi huku hawamjui, siye tunafuataka ya Paris na ya Bruxelles, lakini Vye alisomea Ndola, kule Zambia, wakati wa ujana, Kiingereza kikamkaa mdomoni, na vitabu vyake alikuwa ananunua vya mitumba ng'ambo ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Kilichomgusa ni kwamba Evans alikuwa mtoto wa mashinisti wa treni, na Vye naye ni mtoto wa mashinisti, wa reli ya huku, ile tunaita leo SNCC. Mtoto wa mashinisti, alisema mu ile audio, anajua kitu kimoja: mwenye kuendesha ni baba yako, mwenye reli ni mwingine, na huyo mwingine hajapanda pale mbele ku joto hata siku moja.

Evans alianzia magazeti ya mikoa. Tangu 1961 aliongoza Northern Echo kule Darlington, kaskazini mwa Uingereza, kisha 1967 akakalia kiti cha mhariri wa Sunday Times ya London. Patro wake alikuwa Roy Thomson, Mkanada, mtoto wa kinyozi, aliyenunua ile Sunday Times mwaka 1959 na hakuficha hata kidogo kwamba anapenda franga, hata televizyo yake ya Scotland aliifananisha na ruhusa ya kujichapishia noti mwenyewe. Lakini alitembea na kakadi kadogo mfukoni, kamechapishwa vizuri, kanasema hakuna mtu wala kikundi kinachoweza kununua msimamo wa gazeti lake lolote, na mtu akija kulia juu ya habari fulani anamtolea kale kakadi. Ba patro wa huku nao wanatoaka kadi, lakini ni ya chama.

Na kakadi kalipimwa. Mwaka ule ule wa 1967 Evans alitoa habari za Kim Philby, mkubwa wa ujasusi wa Uingereza ambaye kumbe miaka yote alikuwa mtu wa Warusi, na serikali haikufurahi. 1972 akaanza vita ya watoto wa thalidomide, wale waliozaliwa bila mikono ao bila miguu juu mama zao walikunywa ile dawa wakiwa na mimba. Kampuni iliyoiuza Uingereza, Distillers, ilikuwa kampuni ya pombe kali, na matangazo yake ya pombe yalikuwa yanalisha gazeti lile lile. Matangazo yakaondoka. Korti ikazuia makala. Kesi ikapanda, ikapanda, hadi Strasbourg ku Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 26 Aprili 1979 waamuzi 11 kwa 9 wakasema gazeti lilikuwa na haki. Hesabuni: karibu miaka saba. Ba avoka, wanasheria, wa miaka saba. Mhariri hakuwalipa na mshahara wake.

Wanaosimulia hii wanasemaka Thomson alikuwa patro mzuri. Vye alikuwa anakataa hilo neno "mzuri". Thomson, alisema, alikuwa patro ambaye roho yake iko kwingine, mu televizyo, mu safari za watalii, baadaye mu mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na gazeti lake lilikuwa linapiga vidonda vya watu wengine, si vyake. Pombe kali haikuwa bishara yake. Dawa haikuwa bishara yake. Ujasusi vilevile. Na alipotaka kununua The Times, gazeti la kila siku, mwaka 1966, ununuzi ulipelekwa mbele ya tume ya monopoli, inayochunguza mtu mmoja asishike soko lote, akaulizwa mchana kweupe, akajibu, akapita, hakubaki na deni la minisitri yeyote. Miye hapo nilikuwa namkatalia Vye kidogo, nikimuuliza, je, Evans angeamka asubuhi moja na habari mbaya juu ya mafuta ya patro mwenyewe, kale kakadi kangefika wapi? Anacheka. Anasema weye sasa unaanza kuelewa kazi.

Baba akafa 1976, mtoto wake Kenneth akarithi, na mtoto maisha yake yalikuwa Toronto. Wachapaji na wakubwa wakagombana juu ya mashine mpya, na tangu mwanzo wa Desemba 1978 hadi Novemba 1979 The Times na Sunday Times hazikutoka, karibu mwaka mzima. Na ba jurnaliste walikuwa wanalipwa. Narudilia: gazeti halitoki, mshahara unatoka. Siku nilisoma hiyo nilicheka peke yangu mu taksi-bisi mama mmoja akanihurumia, juu siye huku tunajua kinyume chake tu, gazeti linatoka mwaka mzima na mshahara hautoki. Sasa wale wale waliolipwa bila kuandika, wa The Times, Agosti 1980 wakagoma wakitaka nyongeza, na Kenneth akachoka, akatangaza anauza.

Hapa njo kariyeri ya Evans inakunja kona, na hapa njo watu wengi wanaharakishaka ili wafike ku ubaya wa Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti kutoka Australia, miye nataka tukae kidogo. Evans alikuwa ameshaanza kukusanya watu na franga ili Sunday Times inunuliwe na kikundi chenye wafanyakazi wake ndani. Njia ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini ilikuwa njia. Kisha Murdoch, ambaye tayari alikuwa na magazeti ya The Sun na News of the World, akamwambia nikichukua, weye utakuwa mhariri wa The Times. The Times! Kwa mtoto wa mashinisti wa Lancashire, kile ni kiti ambacho katika ukoo wao hakuna hata aliyekiota. Akakubali. Mwenyewe alikuja kujilaumu baadaye, na miye simhukumu, juu siku walinipa miye ukuu wa ukurasa wa michezo nilinunua suti kwa deni. Lakini tusimfanye kondoo. Patro mpya mara nyingi haingii kwa kuvunja mlango, anafunguliwa na mtu wa ndani ambaye anajiambia afazali miye nikiwa ndani kuliko mwingine.

Na karatasi zilikuwepo, hilo mlijue. Murdoch alilipa pauni milioni 12 mu Februari 1981, na alisinya ahadi mbele ya serikali: mhariri ndiye mwenye sauti juu ya habari na maoni, kutakuwa na wakurugenzi wa kujitegemea, na mhariri hawezi kuajiriwa ao kufukuzwa bila wao kukubali. Huku kwetu hatujawahi kuwa na karatasi nzuri vile. Kwa hizo karatasi minisitri wa bishara, John Biffen, akaachilia ununuzi bila kuupeleka ku tume, ile ile tume Thomson aliipitia, eti magazeti yanakula hasara na muda umeisha. Lakini tarehe 4 Januari 1981, kabla ya yote hayo, Murdoch alikuwa amekula chakula cha mchana na Margaret Thatcher ku Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu, na ile meza ilibaki siri hadi 2012 karatasi zilipofunguliwa. Miaka thelathini na moja. Nilipomsomea Vye hiyo habari hakushtuka hata kidogo, aliuliza tu, walikula nini?

Sasa mweke pembeni wema na ubaya wa Murdoch, tumia kipimo cha Vye. Huyu patro alikuwa anahitaji nini, na nani alimpa? Alihitaji kuepuka tume, na aliyemwepusha ni serikali. Basi kidonda kiko wapi? Ku serikali. Na The Times ya Evans ilianza kuandika nini? Kwamba siasa ya uchumi ya Thatcher inaumiza watu, wasio na kazi wanaongezeka. Haikumaliza miezi mingi. Evans alisimulia kwamba aliombaomba bajeti yake iwekwe wazi na haikuwekwa, na kila mtu aliyefanya kazi mu gazeti anajua mchezo huo: hawakukatazi safari, hawakukatazi kuajiri, hawakupi tu hesabu, kisha siku moja wanakuambia umetumia kupita hesabu. Ndani ya nyumba nako, sehemu ya wakubwa wa The Times hawakumpenda, walimwona mgeni wa kelele nyingi. Mu Machi 1982, akiwa ametoka tu kuzika baba yake, yule mashinisti, akaambiwa atoe demisyoni. Alikaza siku kadhaa, kisha akaachia. Mwaka mmoja hivi ku kiti, basi. Naibu wake Charles Douglas-Home akakalia. Wale wakurugenzi wa kujitegemea walikuwepo. Ahadi zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyofutwa ku karatasi. Murdoch hakuhitaji kuzivunja, juu mhariri alijiandikia mwenyewe barua ya kuondoka.

Bon. Turudi nyumbani.

Patro wetu wa kwanza alikuwa mtu wa unga. Magari yake yalikuwa yanavuka Kasumbalesa na mahindi na unga wa Zambia, na mnajua Lubumbashi inavyoishi, bukari, ugali wetu, ikikosa, mji mzima unalala vibaya. Alikuwa mzee mpole, anapenda Mungu, na nawaapia hakuwahi kupiga simu ku redaksyo hata mara moja. Tuliandika juu ya mashimo ya barabara, juu ya wakubwa wa mkoa, juu ya maji, juu ya ba polisi wa usiku, kwa ukali ambao leo nikisoma naogopa. Kisha mwaka mmoja bei ya mfuko wa unga ikapanda vibaya. Miye nilikuwa kijana, nikazunguka soko za mitaa yetu ya Kenya na Katuba, nikahesabu bei, nikaenda hadi mpakani nikaona magari yamejaa yamesimama, yanangoja bei ipande zaidi, nikaandika makala nzuri (nasema mwenyewe). Vye akaisoma yote. Akasahihisha koma. Akasema hesabu hazijatosha, tuongeze hesabu, akaiweka mu tiruwari, droo ya meza yake. Nikaongeza hesabu. Akasema tungoje juma lijalo. Mu juma la nne nikaacha kuuliza, na hapo njo nilipata elimu yangu ya kwanza ya kweli mu hii kazi, zaidi ya ile ya inivasite, kwamba tiruwari haina kelele.

Patro wa pili alinunua gazeti kabla ya uchaguzi wa 2011. Mwanasiasa, na muuza unga alikuwa ameegemea upande wa mpinzani wake. Siku ya pili tu Vye ananiita, anafungua tiruwari, anatoa makala yangu ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa juu yake, anasema badilisha bei, weka za leo. Ikatoka ukurasa wa kwanza na picha ya magari. Kila neno lilikuwa kweli. Watu ku Posta walisimama wakaisoma bila kununua, kama kawaida yao, mtu mmoja akanishika mkono mbele ya watu. Na miye niliona haya, haya ya kweli, kwa namna sikuona haya wakati ilizuiliwa. Juu wakati ilizuiliwa nilikuwa jurnaliste aliyenyimwa, sasa nilikuwa jiwe mkononi mwa mtu.

Kuhusu huyo wa pili sina mengi. Alishindwa uchaguzi, aliacha kulipa imprimeri, tulitoka mara mbili kwa mwezi, kisha mara moja, kisha tukawa tunatoka akipata hasira.

Wa tatu alikuwa mtu wa migodi, si mwenye mgodi, ni wale wa chini yao, anakodisha magari na mashine kwa makampuni makubwa ya shaba na kobalti. Huyo njo alitulipa vizuri kuliko wote. Kompyuta mpya, jenereta, mishahara tarehe 30 kama Uzungu. Siasa? Andikeni. Unga? Andikeni. Mwanasiasa wa zamani? Andikeni mara mbili. Asubuhi moja mama mmoja kutoka mtaa ulio karibu na kiwanda fulani alikuja na maji ya mto mu chupa ya plastiki, ya rangi ya manjano-manjano, akasema samaki wanakufa na watoto wanajikuna, akaiweka juu ya meza ya Vye, akaenda. Vye aliiangalia ile chupa. Ikakaa pale. Siku ya kwanza, juma la kwanza, mwezi. Mwenye kufagia alikuwa anaifuta vumbi na kuirudisha mahali pake. Hakuna aliyetukataza kitu. Patro mwenyewe alikuja siku moja, akaketi mbele yake kabisa, akaongea juu ya mechi ya Mazembe, akaenda, na sijui kama aliiona. Miezi mitatu baadaye Vye akaandika barua ya kwenda pansioni, sababu aliyoweka ni macho. Macho yake ni mazima, hadi leo anasoma bila miwani.

Ile miaka yote ya ba patro watatu, makusanyo ya gazeti yapo, Vye ameyaweka mu sanduku la bati nyumbani kwake ku Kamalondo. Nimeyapitia. Na kitu kinachoniumiza kichwa ni kwamba ukweli wa huu mji umo karibu wote. Wakati wa patro wa kwanza utapata siasa yote na utakosa unga. Wa pili atakupa unga. Wa tatu atakupa siasa na unga pamoja na utakosa maji. Ukiunganisha vyote unapata Lubumbashi nzima, vipande vipande, na kila kipande kimefika kimechelewa, wakati hakiwezi tena kumsaidia yule aliyekihitaji. Mama wa chupa hakuhitaji patro wa nne aje baada ya miaka mitano.

Wako wanaosema dawa ni mhariri kuwa mwenyewe wa gazeti. Kinshasa wamefanya hivyo sana. Modeste Mutinga alianzisha Le Potentiel mwaka 1982, Mobutu akiwa bado na nguvu zote, na ujasiri wake hakuna anayeubisha, hata kamati ya Amerika ya kulinda ba jurnaliste ilimpa zawadi yake mwaka 2000. Kisha mu transisyo ya 2003 akawekwa ku uongozi wa Haute Autorité des Médias, yaani mwenye gazeti akawa mwamuzi wa magazeti, na baadaye akaingia ku senat. Simlaumu, ni nchi ilimhitaji pale. Lakini ona inavyoendaka: mhariri akiwa ndiye mwenyewe, kidonda cha patro kimehamia mu mwili wake, hana tena mtu wa kumlaumu ndani ya nyumba, na akitaka kununua karatasi ya kuchapia anabisha hodi ku milango ile ile ambayo muuza unga alibisha.

Na wako wanaosema afazali serikali. Hao ni vijana, hawakuishi Mobutu. Wazee wa hapa wanakumbuka: L'Essor du Congo ilianza Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mwaka 1928, gazeti la wazungu wa migodi, ikapita mu mikono na mu majina, na mu autantisite ya miaka ya 1970, Mobutu alipotaka majina yote yawe ya kiafrika, gazeti la huku likaitwa Mjumbe, Kinshasa wakawa na Salongo na Elima, majina mazuri ya kiafrika kabisa na ndani picha ya mtu mmoja. Patro mmoja tu kwa nchi nzima, na yeye alikuwa anauza kila kitu, basi kidonda kilikuwa kila mahali. Hapo kipimo cha Vye hakifanyi kazi tena, huwezi kuuliza nani anamsinyia juu ni yeye anayesinya.

Televizyo nazo zimetufundisha. Nyota, ya Moïse Katumbi, kila nyumba ya Lubumbashi iliijua. Patro akiwa gavana na mtu wa chama kinachotawala, ilirusha. Septemba 2015 akaacha ugavana na akatoka mu chama, na mwanzo wa 2016 Nyota ikafungwa, sababu waliyotoa ni kodi. Kodi! Labda kodi ilikuwepo kweli, nani mu hii nchi hana deni la kodi, njo maana ni fimbo nzuri, inangoja tu ku pembe ya nyumba hadi siku utakapohama upande. Wale ba jurnaliste wa pale hawakuandika kitu kipya siku ile. Hawakubadilika wao. Alibadilika patro, mahali anaposimama, na wao wakalala bila kazi.

Sijasema bado juu ya kupaje, na siwezi kuiruka. Mtu wa nje akisoma habari za Evans anafikiri patro ni mmoja, anakaa juu, anatuma mkono chini. Huku mshahara ukiwa hautoki, ao ukitoka unatosha taksi tu, jurnaliste anaishi na bahasha anayopewa ku mkutano na yule aliyeitisha mkutano. Tunasema kupaje, tunacheka. Maana yake ni kwamba gazeti linaweza kuwa na mwenyewe mmoja ku karatasi na kumbe kila mwandishi anauzwa upya kila asubuhi, saa nne kwa chama hiki, saa nane kwa shirika lile, na mhariri mkuu jioni anapokea makala nane zenye ba patro nane ndani. Vye alikuwa anazijua kwa harufu. Alikuwa anakata aya ya mwisho, kila mara ya mwisho, juu pale njo shukrani zinakaaka. Hiyo kazi ya kukata aya za mwisho ilimkula nguvu kuliko ba patro wote watatu, na hakuna sheria itakayoigusa, si ile ya zamani ya 1996 wala hii mpya ya Machi 2023, juu zote zinaongea juu ya jurnaliste na dola na haziongei juu ya jurnaliste na njaa.

Evans baada ya pale alienda Amerika, akaanzisha gazeti la safari, akaongoza nyumba kubwa ya vitabu Random House, aliishi vizuri. Mu nchi yenye magazeti mengi, mhariri akitupwa ku mlango mmoja anaona mingine. Vye alitoka akaenda kulima mboga nyuma ya nyumba. Nikimpelekea hiyo tofauti anakasirika, anasema usinihurumie, lengalenga zangu zinaota vizuri.

Juma lililopita kijana mmoja alinipigia. Ana akili, anaongea haraka. Kuna mtu anataka kurudisha jina la gazeti letu la zamani, safari hii ku intaneti, franga ipo, biro ipo ku centre-ville, na wanataka miye niwe mhariri mkuu, uhuru wote, wataandika hata ku kontra ya kazi. Nikamuuliza huyo mtu anauzaka nini. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema papa, anauza kila kitu, kidogo kidogo. Nikasema nitamjibu. Jioni nikapita ku Kamalondo kumwambia Vye, nikamkuta mu mboga zake na kopo la maji, na kabla sijamaliza aliuliza tu: ile chupa, nani aliichukua siku tulipohamisha meza?

Sikuwa na jibu la kumpa.